Meli Isiyotoa Kitu

Kijiwe cha Paraíso kiko ukutani mwa duka la Bwana Lau: benchi moja refu la mbao na kreti mbili za soda zilizopinduliwa. Mbele yake barabara, ng'ambo ya barabara uzio wa waya, na nyuma ya uzio Mfereji wenyewe, ule unaounganisha bahari mbili. Ndiyo maana wanachama wa hapa hawajawahi kuishiwa maneno. Dunia nzima inapita mbele yao ikielekea malango ya Pedro Miguel, yanayopandisha na kushusha meli, na kila chombo lazima kitafutiwe kasoro. Jumanne ile ya Februari upepo ulikuwa unashuka kutoka bonde la Culebra kama kawaida yake wakati wa kiangazi, kahawa ya Bwana Lau ilikuwa inafuka moshi, na Masikio alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kofia yake ya majani gotini, roho juu juu. Hakutaka mtu ajue.

Jina lake la kanisani ni Egbert Braithwaite. Maisha yake yote ya kazi aliendesha nyumbu, vile vichwa vya treni vinavyotembea ukingoni mwa lango vikiishikilia meli kwa kamba za chuma isigonge kuta. Sasa mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, na meli kwake ni wingu la rangi tu mpaka iwe imeshampita. Lakini masikio! Anaijua meli kabla haijatokeza kwenye kona.

Na siku hiyo aliyahitaji kuliko siku zote. Binti yake wa mwisho, Yarelis, alikuwa anapita na chombo. Kazi ya Yarelis ni kushika kamba kwenye vyombo vidogo visivyoshikiliwa na nyumbu, wanne kila chombo, na kila akipita Paraíso humkuta baba yake kasimama kwenye uzio, kofia juu. Hajawahi kumkosa hata mara moja. Jana yake, alipokuja kuomba baraka kabla ya kwenda Colón kupanda, alimwambia:

— Baba, chombo cha kesho kinaendeshwa kwa haidrojeni, hakina mlio.

— Kila chombo kina mlio, Masikio alimjibu.

Usiku kucha alijigeuza kitandani. Hakuwa na hakika tena.

— Haya, na hiyo je? aliuliza Dafu, mwenye tumbo lililompa jina, akionyesha kwa kidevu ghorofa la chuma lililokuwa linapita.

— Meli ya kubeba magari. Ikipunguza mwendo inakohoa. Ilipita hapa kabla ya Krismasi, ikikohoa hivyo hivyo.

— Mchawi huyu mzee!

— Mchawi wa wapi! alidakia Waziri. Huyu hajawahi kuwa waziri wa kitu chochote, hata kwenye kwaya walimtoa, lakini akisema utadhani katoka kikaoni na rais. — Ya magari hata shangazi yangu anaijua. Mimi namsubiri kwenye ile ya haidrojeni, ya Wanorwe. Gazeti limeandika: haitoi moshi, haitoi mlio, haitoi kitu. Ikipita hujasimama, Masikio, hilo jina tunalitaifisha.

— Taifisheni. Nitasimama.

— Mimi ingekuwa mwanangu, nisingemruhusu, alisema Dafu akipuliza kahawa. Haidrojeni ni bomu, jamani. Ukipiga chafya karibu yake, umekwenda.

Masikio alianza kuizungusha kofia gotini.

— Acha kumtisha mwenzio, alisema Waziri. Kama ni bomu, Mfereji ungewapa ruhusa? Sikilizeni mtu aliyesoma. Ile mashine inakula haidrojeni, inakojoa maji. Maji safi kabisa! Mnakumbuka ule ukame, ziwa la Mfereji lilivyokauka mpaka meli zikapanga foleni baharini kama watu wanaosubiri daktari?

— Nani kasahau?

— Basi! Meli zote zikiwa za haidrojeni, kila moja ikipita ziwani inatuachia maji. Tunazipitisha, zinatujazia. Hatutaomba mvua tena!

— Kwa hiyo tutakuwa tunakunywa mkojo wa meli?

— Maji, Dafu! Maji!

— Wewe ndiye umesema inakojoa.

— Na mwisho wake Mfereji ndio utazilipa meli zipite. Kumbukeni nimesema mimi.

Dafu alitikisa kichwa, akaweka kikombe chini. Alikuwa na lake, na lilikuwa kubwa zaidi.

— Hujafika mbali. Haidrojeni si ndiyo ile ya maputo? Nyepesi kuliko hewa! Wakiijaza sawasawa, meli inanyanyuka. Nawaapia. Inapita juu ya malango bila kugusa maji. Malango ya nini tena? Nyumbu wa nini? Kila nchi itakuwa na mfereji wake angani. Nicaragua, wanaotamani mfereji wao tangu zamani, wamekaa kimya, mnadhani wamelala? Wanangojea hiyo!

— Nicaragua watatuibia meli hewani? aliuliza Waziri, na kwa mara ya kwanza alionekana kuwa na wasiwasi wa kweli.

— Hewani.

Hata Masikio alicheka, ingawa sikio moja alilielekeza Culebra.

— Na humo ndani wanapikia nini? Dafu aliendelea. Maana moto hawathubutu.

— Jiko la umeme, alisema Masikio. Yarelis ndiye anayepika. Si mnajua yule mwongozaji wa Mfereji anayepanda chombo kidogo lazima alishwe chakula cha moto? Wanorwe walikuwa wamemwandalia samaki baridi na biskuti.

— Mungu wangu!

— Mwongozaji angevikataa, akaagiza chakula kije kwa boti, bili kwao. Ndipo Yarelis akawaambia, tokeni jikoni. Akapanda na nazi zake na mbaazi.

— Mtoto wa marehemu mama yake yule, alisema Waziri, na kwa hilo hakukuwa na ubishi.

Hapo ndipo alipofika muuza bahati nasibu. Alikuwa mama wa makamo, mgeni pale kijiweni, kaukinga ubao wake wa tiketi na jua kwa mwavuli. Aliitwa Itzel. Aliomba kahawa, akakaa kwenye kreti, akawasikiliza. Wakamweleza yote kwa pamoja, bomu, mkojo, Nicaragua, na mzee mwenye masikio anayemsubiri binti yake. Itzel alikunywa, akafikiri, akauliza:

— Sasa meli haina mlio, haina moshi, na mzee haoni. Atajuaje imefika?

Dafu alichungulia kikombe chake kama jibu limezama humo. Hata Bwana Lau, ambaye huwa hasikilizi upuuzi wao, aliacha kufuta kaunta.

Masikio aliyatega masikio mpaka yakauma. Alisikia lori likipanda kilima, redio ya jirani, winchi ya mashine ya kuchimba mchanga kule mbali. Hakukuwa na kingine. Akilini alimwona Yarelis pale mbele ya chombo, akitafuta kofia kwenye uzio, asiikute. Ilimuuma kuliko alivyotegemea.

— Waziri.

— Naam.

— Ukiiona, niambie.

Kwa miaka yote ya benchi lile, hakuna aliyewahi kumsikia Masikio akiomba hilo. Waziri alimwekea mkono begani.

— Nitakwambia, mzee wangu. Na jina lako linabaki lako. Nilikuwa natania tu.

Wote wakageuka kukodolea macho kona ya Culebra, Itzel naye, mwavuli chini. Konani palikuwa patupu. Upepo ulivuma, ukatulia, ukavuma tena.

Masikio akainua pua.

Akasimama ghafla kiasi kwamba kahawa ya Dafu ilimwagika.

— Inakuja.

— Kaa, mzee, hakuna kitu! alisema Waziri. Ninatazama hapa!

— Inakuja, nakwambia! Wali wa nazi na mbaazi. Na ukoko umeshaanza kushika.

— Huyo ni mke wa Clyde, yule jirani, anapika hapo nyuma.

— Upepo unatoka Culebra! Huko nani anapika, mamba?

Alikuwa ameshaingia barabarani, mkono mmoja umeinuliwa kusimamisha magari, kofia kwenye mkono wa pili. Teksi ilipiga breki na dereva akamtukana mpaka bibi zake, lakini Masikio hakujibu. Harufu ile alikuwa akiijua tangu siku ya kwanza ya ndoa yake, kwa mapishi ya mkewe. Yarelis huacha wali ushike chini makusudi, unaungua kidogo tu, kwa sababu baba yake hula ukoko kwanza na wali baadaye. Alifika kwenye uzio, akashika waya kwa mkono wa kushoto, akainua kofia juu kabisa, mbele ya Mfereji mtupu.

Kisha chombo kikatokeza. Cheupe, chembamba, kimelala juu ya maji kikija taratibu, na maji yenyewe hayakupiga kelele.

— Mama yangu, Dafu alinong'ona. Kweli hakina sauti.

— Lakini hakiruki, alisema Waziri, na alionekana kushusha pumzi kwa niaba ya taifa.

Kwa Masikio kilikuwa weupe tu unaosogea. Ila sauti iliyotoka huko ilikuwa wazi, imepazwa kwa mapafu yote:

— Babaaa! Kofia nimeiona! Ukoko wako nimekuwekea!

Masikio alicheka kwa sauti, machozi yakamtiririka, na hakujishughulisha kuyafuta. Nyuma yake Itzel alikuwa anapiga makofi, Dafu anapiga mluzi, Bwana Lau katoka nje na kitambaa cha kaunta anakipunga.

— Gazeti liliandika haitoi kitu! Waziri alilalamika. Na wewe umetumia pua, hiyo si halali!

— Basi taifisheni na pua.

Chombo kilipita, kikaelekea lango, ambako wapokea kamba wa ukingoni walikuwa wanakingoja. Baada ya muda Dafu alivuka barabara, akasimama kando yake.

— Mzee, imeshapita. Shusha mkono.

— Najua, alisema Masikio, kofia bado iko juu. Lakini bado nainusa.