Neno Taratibu Katika Chumba cha Vyuma

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo, marahaba, hata kama hamjaamkia, maana nawajua. Mwezi uliopita mliponitaka niseme nilijitia naenda kuongeza kahawa, nikarudi mkutano umekwisha. Leo bwana mmoja kakaa mlangoni na birika kalishika yeye. Basi sina pa kukimbilia, na tuseme bismillahi.

Ndugu zangu, nawaambia, mie nilikuwa mwalimu wa viungo. Si wa skuli, wa timu ya besiboli, hapa hapa Oman, chuoni Ibra. Msicheke. Kocha mkuu alikuwa mgeni, alikuja kusomesha, akakikuta kiwanja cha changarawe hakina mwenyewe, akasema hapa patachezwa besiboli. Chini yake tulikuwa wawili. Mmoja msaidizi wake, aliyewafundisha vijana kurusha na kudaka. Wa pili mie, na kazi yangu miili yao: mbio, mabega, migongo, kunyanyua vyuma.

Msaidizi na mie wazee wetu wa Unguja, sote tunakaa Mudhaibi, tukija kazini kwa gari yake. Wallahi, katika umri wangu sijapata raha kama ile. Tukishasali Alasiri vijana wanavua kanzu, wanazitundika kwenye uzio zote safu moja, wanaingia kiwanjani. Sie tuna chupa yetu ya chai ya tangawizi na vikombe viwili, kimoja kina pengo mdomoni. Msaidizi akisema besiboli ni nage tu, ule mchezo wa kurushiana mpira aliocheza mamake uani kwao Malindi ya Unguja, ila Wazungu wameitia rungu. Tunacheka mpaka kocha mkuu anauliza kuna nini, na hatuwezi kumfasiria. Mpaka leo nikisikia harufu ya tangawizi na vumbi, siku ile nzima inaniharibikia kwa kuyakumbuka.

Sasa, mie nina sauti, mnanijua. Na nikipandwa na hamaki Kiarabu hunikimbia chote, hubaki Kiswahili cha bibi yangu. Vijana wenyewe walikuwa wa huku huku, Kiswahili hawakijui. Walishika maneno matatu tu: haya, tena, kaza. Msaidizi alinambia mara mbili, chumba cha vyuma si barazani, sema nao lugha wanayoielewa. Nikamcheka. Nikamjibu kuwa wananielewa kwa macho.

Alikuwepo kijana mmoja wa Jalan Bani Bu Ali, mrushaji wetu. Mkono wake ulikuwa neema, sina neno jengine. Wiki ile tulikuwa twende Sur kwa mechi yetu ya kwanza ya kweli, na tuliyemtegemea ni yeye. Siku hiyo yumo chumba cha vyuma, ananyanyua chuma kutoka chini, nikamwona anakivuta kwa pupa. Mie nipo upande wa pili, nabishana na msaidizi nani kasahau sukari. Nikapiga ukelele, "Taratibu!" Kisha nikarudi kwenye sukari yangu.

Nisikilizeni vizuri hapa. Ukutani nilibandika karatasi ya mazoezi, na juu yake nimeandika kwa Kiarabu tartib, yaani mpango, kipi kinafuata kipi. Mie nimesema taratibu, apunguze. Yeye kasikia tartib. Akaitazama karatasi, akaona kinachofuata ni uzito mkubwa zaidi. Akaongeza vyuma huku na huku, akainama, akanyanyua.

Kishindo cha chuma kikianguka nilikizoea. Hiki kilikuwa na sauti ya mtu ndani yake. Nilipofika kalala ubavu, kakunja magoti, na ananitazama kwa haya kama mtu aliyefeli mtihani. Akaniuliza kwa Kiarabu, "Mwalimu, nimekosea wapi? Si umesema tartib?"

Madaktari walisema ni mgongo, utachukua miezi mingi, na asitegemee kurusha mpira tena. Kesho yake kocha mkuu akatuita, akaniuliza imekuwaje. Hapo ndipo nilipoanguka mie. Nikasema, nilimwambia apunguze, hakunisikiliza. Msaidizi alikuwa kakaa ubavuni mwangu na hakutia neno.

Tukarudi Mudhaibi, chupa ya chai haikufunguliwa. Gari iliposimama mlangoni kwangu ndipo aliposema, tena bila ya kunitazama, "Alikusikiliza. Ndiyo maana yuko hospitali." Nikashuka, nikafunga mlango wa gari. Sikumjibu.

Kabla hajanifukuza mtu nikaacha kazi mwenyewe. Nikapata kazi Bidbid, duka la mipira ya gari. Kutoka mpira wa mkono mpaka mpira wa gari, watani zangu mliomo humu mlinicheka, na mie nikacheka nanyi. Msilolijua ni kuwa nyumbani nilikuwa sisemi. Kiswahili nilikiogopa. Watoto nikiwajibu kwa Kiarabu, na mama watoto akanambia nyumba imekuwa kama ya kupanga. Kusali nilikuwa nasali, lakini nikifika kwenye dua ulimi unakwama. Niombe nini, na mtoto wa watu nimemsingizia?

Nikaishi hivyo karibu mwaka. Siku moja msaidizi akaja dukani, na tulikuwa hatusemeshani. Akasema mpira wake wa nyuma hauna upepo. Nikaupima, nikamwambia mzima huu. Akasema, "Najua. Panda twende Jalan."

Nikapanda na nguo zangu za kazi. Njia ndefu ile. Tulipofika usawa wa Ibra akaifungua chupa, akanipa kikombe, kile chenye pengo. Nililia, ndugu zangu, mtu mzima na ndevu zangu. Yeye akaongeza mwendo kidogo, akajifanya hanioni.

Babake kijana ni mtu wa mitende. Alitukaribisha, akatuwekea tende na kahawa, wala hajui tumefuata nini. Katika mazungumzo nikafahamu kuwa mwaka mzima amekuwa akimlaumu mwanawe kwa ukaidi, kwa kuwa chuoni walimpa mzee maneno yangu. Kijana mwenyewe akaingia, anatembea kama aliyebeba mtungi wa maji kichwani. Nikaona nikingoja zaidi nitakimbia tena. Nikasema palepale, "Mwanao hakukaidi. Alifanya alichosikia. Mwongo ni mie."

Mzee akaweka finjani chini. Hakunitazama mie. Alimgeukia mwanawe akamwomba radhi. Na yule kijana, badala ya kunirushia ile finjani, akaniuliza hilo neno lenu maana yake nini hasa. Nikamweleza: kidogo kidogo, bila ya haraka. Akacheka mpaka akajishika mgongo. Akasema daktari kampa mazoezi na hana wa kumsimamia. "Basi nifundishe hivyo, mwalimu. Taratibu."

Nikaenda chuoni nikamwambia kocha mkuu ukweli, akanisikiliza mpaka mwisho, akanipa mkono. Na kila Jumamosi nikawa Jalan. Tulianza na mpini wa ufagio, hata chuma hatukukigusa kwa miezi. Kiswahili kikarudi kwangu, na watoto wangu wakaanza tena kulalamika kuwa baba ana kelele.

Timu ile haipo tena. Kocha mkuu alirudi kwao, kiwanja kimekuwa pa kuegesha magari. Nikipita naangalia pale ulipokuwa uzio wa kanzu, nasikia kiu ya chai.

Kijana hakurusha tena. Siku hizi anafundisha mazoezi skuli moja ya Sur. Wiki iliyopita msaidizi na mie tulikwenda kumtazama, tukasimama nyuma ya uzio asituone. Mwanafunzi mmoja alikuwa anakivuta chuma kwa pupa, pupa ile ile. Yeye akaita, "Taratibu!" Lakini hakugeuka kwenda zake. Alimwendea, akamwekea mkono mgongoni, akamuuliza, "Nimesema nini?" Mwanafunzi akajibu kwa Kiarabu: kidogo kidogo, bila ya haraka. Ndipo akamwacha anyanyue.

Fundisho langu ni hilo, nimelipata kwa mwanafunzi wangu. Ukishasema, muulize mwenzio kasikia nini. Na ukikosea, usimtwike aliyekuamini.

Namshukuru Mola. Namshukuru yule mzee wa mitende, na kijana wake, na mama watoto aliyenivumilia. Na wewe uliyekaa hapo mlangoni umelishika birika. Siku ile uliponambia lile neno nilifunga mlango wa gari, sikukujibu. Nilikusikia, ndugu yangu. Jibu lako ndilo hili.