Mwalimu Hayupo: Maisha ya Dada Yetu

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu wenzake, na ninyi wanafunzi wake wa zamani mliojaa mpaka nje ya geti, familia imemkabidhi mdogo wake marehemu, huyu mnayemwona mbele yenu, kitinda mimba wa mama yao, kazi ya kusoma maisha ya dada yake, si kwa sababu kasoma sana, la, yeye na shule waliachana darasa la saba bila ugomvi, bali kwa sababu ana koo lisilohitaji kipaza sauti, na kwa sababu marehemu mwenyewe, akiwa bado na nguvu za kutania, alisema akisoma mwingine watu watasinzia.

Dada yetu alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho kabla ya choo, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu wa baba fundi wa injini za treni na mama mshonaji, na inasemekana siku hiyo alilia kwa nguvu mpaka treni ya jioni ikaonekana haina honi, jambo ambalo mdogo wake hakulishuhudia kwa kuwa hakuwa amezaliwa, lakini analithibitisha.

Alianza darasa la kwanza Januari 1975, katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, na alikuwa darasa la nne pale mama yetu alipougua Jumanne, akafariki Ijumaa ya tarehe 2 Juni 1978, akaondoka na nyumba nzima kichwani mwake, maana hakuna mtu mwingine aliyejua chumvi inakaa wapi, wala jiko lile linawashwaje bila kujaza moshi chumba kizima, na baba, mtu aliyeweza kuifumua injini ya treni na kuirudisha bila kubakiza skrubu, alichemsha mchele mpaka ukawa gundi, akatupakulia, tukala, naye akaenda kusimama nje akitazama ukuta. Dada yetu alikuwa na miaka kumi, na mpaka ameingia utu uzima alikuwa akisema kwamba wiki ile ndiyo iliyomfanya mwalimu, kwa sababu aliona kuwa mtu anayelia ana mzigo wa kumtosha, asiongezewe na mzigo wa kutojua kiberiti kilipo.

Alimaliza elimu ya msingi mwaka 1981, akasoma sekondari kuanzia 1982 hadi 1985, kisha akajiunga na chuo cha ualimu Julai 1986, akahitimu Novemba 1988 kwa alama ambazo ukoo wetu haukuwahi kuziona kabla yake na, tuseme ukweli tukiwa hapa, haujaziona tena.

Aliajiriwa tarehe 9 Januari 1989 katika shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda cha matofali, akabaki hapo hapo mpaka mwisho, na miaka ya kwanza alifundisha kama alivyofundishwa, yaani mwalimu mbele, chaki mkononi, watoto wakinakili mpaka vidole vinakufa ganzi, hadi Agosti 1996 alipopelekwa semina ya mbinu shirikishi na stadi za maisha, maneno ambayo mdogo wake alipoyasikia mara ya kwanza alidhani ni jina la kampuni ya bima, lakini dada alirudi kutoka huko macho yanawaka kama mtu aliyeokota kitu alichokipoteza utotoni. Jumatatu yake aligeuza madawati, watoto wakatazamana wao kwa wao badala ya kutazama visogo, kundi moja likawa zahanati, jingine duka, jingine majirani wanaogombea mtaro wa maji machafu, na humo darasani watoto wa watu wakajifunza kumweleza mganga linapouma na lilipoanzia, kushona kifungo, kubadilisha mpira wa bomba linalovuja, kumkatalia mtu mzima anayewaita kichochoroni, na kuomba radhi bila kutia neno "lakini" ndani yake, somo ambalo dada alikiri kwamba hata walimu wenzake lingewashinda, na mnacheka kwa sababu mnajua ni kweli.

Ila kilichompa jina la utani mnalolijua nyote kilikuwa kipindi cha Ijumaa baada ya mapumziko, alipokuwa anawapa wanafunzi kazi ya kweli, labda mlango uliong'oka bawaba, labda chakula cha wagonjwa wawili wasiokula chumvi, kisha anakokota kiti chake mpaka nyuma ya darasa chini ya dirisha, anakunja mikono, anatangaza, "Mwalimu hayupo," na kuanzia hapo hayupo kweli, ukimuuliza hakujibu, ukimlilia hakutazami, isipokuwa kwa damu au moto, maana alisema kwamba maisha nayo yana tabia ya kumwondoa mwalimu chumbani bila taarifa, kwa hiyo heri watoto wakutane na hali hiyo angali yupo karibu.

Sasa, mwezi wa Mei 1999 aliingia mkaguzi, mgeni, suti imenyooka, akakuta watoto wamezunguka mlango na nyundo, kelele tupu, akauliza mwalimu yuko wapi, darasa zima likamjibu kwa sauti moja, "Mwalimu hayupo!", huku dada ameketi pale nyuma anamwangalia, midomo imefungwa, kwa sababu hakukuwa na damu wala moto, na mkaguzi akamdhania mzazi aliyekuja kusubiri mtoto, akamwamkia kwa adabu, akatoka, akaenda kuandika kwamba mwalimu wa darasa la sita ni mtoro. Alipoitwa ofisini na mwalimu mkuu kuulizwa alikuwepo au hakuwepo, akajibu, "Nilikuwepo, mkuu, ila sikuwepo," na yule mzee, Mungu amlipe, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema, "Basi siku nyingine usiwepo kwa kugonga kengele kwanza, na sisi tujue," na tangu siku hiyo shule nzima, halafu mtaa, halafu mpaka wauza mkaa, wakamwita Mwalimu Hayupo.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 12 Desemba 1992 na fundi saa wa pale mtaa wa posta ya zamani, aliyekutana naye mwaka mmoja kabla, alipompelekea saa ya baba iliyokuwa inachelewa, ikatengenezwa, ikasimama, ikarudishwa, ikatengenezwa, ikasimama tena, na mpaka leo shemeji hajaeleza vizuri kwa nini fundi wa sifa zake ashindwe na saa moja ya mzee wa reli. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1994, sasa ni fundi umeme, wa pili mwaka 1997, sasa ni dereva wa lori, wote wawili wakijua kupika, kufua na kushona, kwa kuwa walizaliwa mama akiwa na ukali wake wote, kisha, nguo za watoto zilipokwisha kugawiwa kwa majirani, tarehe 3 Mei 2010 akazaliwa binti, na hapo ukali wa dada yetu ukayeyuka kama mshumaa juani.

Ndugu zangu, mwanamke huyu aliyewafundisha watoto wa mtaa mzima kumenya viazi, wa kwake alifika miaka kumi na moja hajashika kisu, vifungo alishonewa, nywele alichanwa, maziwa alipozewa, na mdogo mtu alipomtania kwamba wa watu unawafundisha, wako unamtafunia, alijibiwa, "Nyamaza wewe, huyu nimeletewa zawadi, zawadi haitumwi sokoni," naye akanyamaza, kwa kuwa sahani yake ilikuwa bado haijajazwa.

Tarehe 11 Februari 2022, hospitalini, dada aliambiwa kuwa ana saratani ya matiti na kwamba imekwisha kutembea, na shemeji anasimulia kuwa daktari alijiandaa kwa swali la muda uliobaki, lakini mgonjwa aliuliza kama mikono yake itaendelea kufanya kazi, na waliporudi nyumbani, mlangoni akasimama, akaitazama ile nyumba, mume asiyejua kuchemsha maji na mtoto asiyejua kuwasha jiko, akasema, "Nimefundisha kila mtu isipokuwa hawa."

Ndivyo zilivyoanza Jumamosi za "Mama hayupo", kuanzia Aprili, yeye akikaa kwenye kiti cha sebuleni, mikono imekunjwa, na wale wawili wakiachiwa jiko, na Jumamosi ya kwanza shemeji, anayefungua skrubu ndogo kuliko chawa, alisimama mbele ya sufuria akiuliza, "Mwalimu, chumvi kabla au baadaye?", akajibiwa na kimya, akamgeukia binti, binti akapandisha mabega, na wali uliotoka siku ile ungeweza kupigia plasta ukuta huu na ukadumu. Jirani yetu mshonaji alipiga hodi katikati ya somo, akaingia, akamkuta mgonjwa ametulia, hajibu, hapepesi, akapiga ukunga mpaka mtaa ukakusanyika, ikabidi dada aseme, "Jamani, nipo, nilikuwa sipo tu kidogo."

Shemeji alijifunza, taratibu, kwa kuungua na kuuliza vyungu badala ya kuuliza mke, na kufikia Julai alikuwa anapika mboga inayolika, anafua, anajua dawa ipi inakwenda na chakula, lakini binti hakujifunza, kila Jumamosi maziwa yanafurika, kila Jumamosi sindano inapotea, na sisi wakubwa tukasema ni mtoto, bado amezoea kudekezwa, mpaka siku moja ya Agosti, mdogo mtu akiwepo kwa sababu siku ya chakula hakosi, tulipoona wote kwamba binti amesimama mbele ya jiko, kitambaa mkononi, macho wazi, anayatazama maziwa yakipanda, na haepui sufuria. Shemeji akasema, "Mwanangu, yanamwagika," naye hakumgeukia baba, aligeukia kile kiti, akasema, "Sitaki kujua, nikishajua kila kitu si ndiyo utaondoka."

Hakukuwa na damu pale wala moto, maziwa tu yakizima jiko na harufu yake ikijaa nyumba, na kwa sheria ya dada yetu, ambayo mkaguzi mzima wa elimu hakuweza kuivunja, alitakiwa abaki kimya, lakini aliinuka, akashika ukuta, akafika jikoni, akaketi chini sakafuni kwenye maziwa yale yale na gauni lake jema, akasema, "Nipo," kisha akasema, "Nitaondoka hata usipojua, mama yangu, hilo si wewe unayelizuia wala unayelileta, lakini leo nipo, sogea hapa." Wakakaa pale chini muda mrefu, mama na mtoto, na shemeji akatoka kwenda kutazama saa ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Kuanzia siku hiyo somo lile nyumbani likafutwa, wakawa wanapika wote watatu, dada akiongea wakati wote, akikosoa, akicheka, akionja, na shuleni, ambako aliendelea kufundisha kila alipopata nafuu hadi Juni 2023, aliwaambia walimu wenzake kwamba kipindi chake kilikuwa na nusu iliyopungua kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa sababu mwalimu akishaondoka lazima arudi, aketi na watoto, aulize ilikuwaje, uliogopa wapi, nani alikusaidia, na asisahihishe mpaka wamalize kusema, na tumeambiwa na walimu waliopo hapa kwamba nusu hiyo sasa inafundishwa shuleni hapo na hata wale waliokuwa wakibisha wameikubali.

Hali ilibadilika mwishoni mwa Septemba, akalazwa kuanzia tarehe 2 hadi 20 Oktoba, akaomba kurudi nyumbani, akarudi, na asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, mumewe akiwa amemshika miguu iliyokuwa imeanza baridi, binti akiwa jikoni, dada yetu alivuta pumzi ndefu, haikufuata nyingine. Binti aliingia na bakuli, uji laini, hauna donge hata moja, akaliweka mezani, na hakuna aliyeunywa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake waliomhudumia kwa upole hata alipowafundisha kazi yao, inamshukuru mwalimu mkuu na walimu wote waliomgawia vipindi vyepesi bila kumfanya ajione mzigo, inawashukuru majirani kwa maji, viti na mabega, na kipekee jirani mshonaji, ambaye juzi alipiga ukunga kwa mara ya pili, na safari hii hakuna aliyemkatiza.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wadogo wawili, na agizo moja, alilompa mdogo wake wiki mbili zilizopita akimshika ukosi wa shati ili asilete mzaha, kwamba siku ya mazishi mtu yeyote asimwinamie binti yake akamwambia, "Sasa wewe ndiye mama wa nyumba hii," kwa sababu yeye aliambiwa hivyo akiwa na miaka kumi, kaburini kwa mama yake, na watu wema kabisa, waliokuja kumfariji, na akalibeba neno hilo mpaka uzeeni bila kupata mahali pa kulitua. Tangu asubuhi mdogo mtu amewasikia watatu wakimwambia, wanajijua, hawataji, ila anawaomba kwa heshima zote warudi kwake kabla jua halijazama, wamwambie kwamba waliteleza, bila kutia "lakini", kwamba nyumba ina baba anayejua kupika na kaka wawili wanaojua kufua, na kwamba yeye ana miaka kumi na mitatu, aruhusiwe kulia na kuunguza maziwa.

Dada, umefanya kazi, kapumzike kwa amani, huyu mtoto tutabaki naye akiwa mtoto.