Siku Sita Zilizotutenganisha

Sogeeni, wanangu, mketi upande mmoja wa kitanda nisihangaike kugeuza shingo, na mtu asinikatize, maana pumzi yangu ni ya kuhesabu. Wewe mchungaji, na wewe mwalimu dada yake, miaka tisa hamjala meza moja, na aliyewatenganisha ni mimi.

Mtoto wa darasa la Jumapili aliuliza siku tatu za kwanza za uumbaji zilipimwaje ilhali jua liliumbwa siku ya nne, nawe binti yangu ukamjibu kwa upole kwamba huenda siku za Mungu si za saa ishirini na nne. Mimi, mzee wa kanisa, nikaandika barua ya kukuondoa darasani, nikampa kaka yako aisome mbele ya waumini, naye akaisoma kwa kunitii tu. Ukachukua mkoba wako, ukatoka.

Sasa sikieni nililolificha. Miaka mingi kabla ya hapo, nikichimba kisima cha zahanati, futi themanini chini, sululu yangu ilipasua jiwe nikakuta makombe ya baharini yamebanana ndani yake, na bahari iko mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Nikaona bahari iliwahi kufunika hapa, zamani mno kuliko hesabu niliyofundishwa. Nikayaponda kwa nyundo, nikapanda juu nikawaambia wenzangu ni mwamba mtupu. Kwa hiyo siku ile nilipokuhukumu nilijua swali lina uzito. Niliogopa likiingia kanisani litaondoka na imani yangu.

Halikuondoka nayo. Mungu ndiye aliyeumba, hapo sisogei hata inchi, nanyi msisogee. Siku zenyewe zilikuwa za namna gani, mimi sikuwepo, nawe mchungaji hukuwepo. Mwanangu, zisome kama za saa ishirini na nne ikiwa ndivyo moyo unavyokutuma, ila usimfungie mtu mlango kwa ajili ya hesabu hiyo.

Nimekata shauri. Nyumba hii ni yenu wote wawili, haiuzwi wala haijengwi ukuta katikati. Vifaa vya kuchimbia apewe fundi mwenzangu. Barua ya kukiri kosa langu iko chini ya mto. Jumapili isomwe yote, bila kuruka neno. Najua unataka kusema waumini watanung'unika. Wanung'unike. Na dada yako akitaka darasa lake, arudishiwe. Asipotaka, asibembelezwe kwa jina langu.

Nipeni maji... kidogo tu, yatosha. Aliyeumba mbingu na nchi awatunze, awape... awape watoto wanaouliza, na uvumilivu wa kuwajibu. Shikaneni mikono, na mimi nishikeni. Mmoja wenu analia, macho hayanionyeshi tena ni yupi. Haidhuru... Msiachiane.