Kiprugut arap Kosgei, Aliyekataa Kumwaga Maziwa

Marehemu Kiprugut arap Kosgei hakuwa mwizi. Alifungwa kwa wizi wa maziwa ambayo alipewa, akatengwa na kanisa kwa wizi huohuo, na leo analazwa kaburini bila mchungaji. Watu sita walisikia akipewa maziwa hayo, wakanyamaza. Familia imetaka jambo hili lisomwe kwanza, kabla ya habari za kuzaliwa kwake.

Alizaliwa karibu na Litein, Kericho, mwaka 1912, wakati wa kuvuna wimbi. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Kosgei na mama Chemutai. Hakupelekwa shule. Ndugu zake walichunga kwa zamu, lakini yeye alichunga siku zote kwa sababu ng'ombe walimfuata bila fimbo. Kusoma alijifunza ukubwani, katika darasa la ubatizo. Alipenda Zaburi, na alizisoma kwa sauti kubwa hata majirani wakitaka kulala.

Mwaka 1931 alikuja Subukia kuchunga ndama katika shamba la mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Filimbi, kwa kuwa aliwaita watu kwa filimbi kama mbwa. Mwaka 1944 alifanywa nyapara wa wakamuaji, akiwa na watu sita chini yake. Ng'ombe wa mateke alimkama yeye mwenyewe. Mtu akiugua, marehemu alikama ng'ombe wa mgonjwa pia, na Bwana hakuambiwa.

Alimwoa Chelagat kwa desturi mwaka 1934, na ndoa yao ikabarikiwa kanisani tarehe 14 Desemba 1946. Mungu aliwapa watoto watatu.

Machi 1955 ng'ombe walishikwa na ugonjwa wa miguu na midomo. Serikali ililifunga shamba kwa karantini. Hakuna aliyeruhusiwa kutoka, maziwa hayakuuzwa, mishahara ilisimama na posho ikakatwa nusu. Wakamuaji walitaka kutoroka. Marehemu aliwaambia walete unga wote katika sufuria moja, na kila jioni familia zote saba zilikula pamoja mlangoni pake, kwenye laini ya nyumba za wafanyakazi. Mburu, aliyekuwa Mkikuyu pekee kati yao, alimwambia, "Nyapara, sasa sisi ni ng'ombe. Tumefungiwa."

"Usijisifu," marehemu akamjibu. "Ng'ombe anakula kutwa."

Watu walicheka, na hakuna aliyetoroka.

Ng'ombe wazima walipaswa kukamwa, la sivyo viwele vingeharibika. Amri ilikuwa maziwa yamwagwe shimoni. Lakini kwetu maziwa hayamwagwi chini. Anayeyamwaga anaita kifo katika zizi. Marehemu alimwendea Bwana Filimbi na ndoo mkononi, watu wake wote sita wakiwa nyuma yake.

"Bwana, hii siwezi kumwaga. Na huko laini watoto wanalia njaa."

Bwana Filimbi alisema, "Kunywa nyinyi. Mimi hapana taka ona."

Maneno ni hayo, na wote waliyasikia. Maziwa yakachemshwa, na watoto wa laini wakayanywa mpaka Juni.

Kisha daktari wa mifugo akaja kukagua, akakuta maziwa katika nyumba za wafanyakazi. Bwana Filimbi akaapa kwamba hakutoa ruhusa. Askari wakauliza ni nani walioiba. Siku zile za hali ya hatari, Mkikuyu akitajwa kwa kosa lolote alipandishwa lori la kizuizini, na wake wa waliochukuliwa wanajua ni wangapi waliorudi. Marehemu alimtazama Mburu, akasema, "Ni mimi peke yangu. Hawa walifuata amri yangu." Alifungwa miezi mitatu Nakuru. Alipotoka, alikuta kanisa limemwondoa kwenye ushirika, na Kipkoech, mkamuaji wake wa kwanza, amefanywa nyapara.

Hakuna shamba lililomwandika tena. Alikwenda Mai Mahiu kuvunja kokoto za barabara. Hakuwalaumu watu wake kwa kunyamaza mbele ya askari. Alichowaomba, hatari ilipopungua, ni kuwaambia wazee wa kanisa walichokisikia kwa Bwana Filimbi. Mwaka 1958 mkewe alimwendea Kipkoech nyumbani kwake.

"Mama Cherono," Kipkoech alisema, "nikifungua mdomo Bwana atanifukuza. Nina watoto."

"Nawajua. Ndio waliokunywa."

Kipkoech akaanza kumwita mbwa wake.

Vumbi la mawe lilimwingia marehemu kifuani. Februari mwaka huu alianza kutema damu, na Julai akalazwa hospitalini Nakuru. Waliokwenda kumwona waliulizwa jambo moja tu: "Wamesema?" Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 18 Agosti 1959, na jibu alilopewa siku hiyo lilikuwa lilelile: bado.

Ameacha mkewe Chelagat, watoto wake Cherono, Kiptanui na Chepkorir, wajukuu wawili, na mdogo wake, anayesoma maneno haya. Wakamuaji sita waliomba kubeba jeneza lake. Familia haikuwakataza.

Tulimwomba mchungaji aje kumzika. Alisema hawezi kumzika mtu aliyetengwa, lakini mashahidi wawili wakienda kwake na kusema ukweli, atamrudisha marehemu kanisani na kuja kumwombea. Yuko nyumbani kwake sasa, ng'ambo ya barabara.

Bwana Filimbi anadaiwa kukiri maneno yake, na hatumtazamii hapa. Kipkoech, Mburu na wenzao wanne wanadaiwa ushahidi. Wote wamesimama hapa. Wawili wanatosha. Jeneza litashushwa, lakini udongo hautatiwa mpaka saa kumi. Tunamwomba Mungu ampokee Kiprugut na kumpumzisha. Hao sita tunawaomba wavuke barabara.