Siku Kumi na Mbili za Chelimo

Wachungaji, jamaa, majirani na marafiki, familia inawasomea maisha ya binti yetu, Dkt. Nelvine Chelimo Opondo, kama yalivyoandikwa na babake, Mwalimu Johana Kiplimo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1986 hapa Merigi, mtoto wa tatu wa Mwalimu Johana na Jerusa Chepkurui, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1993 hadi 2000, na miaka hiyo akajulikana kwenye kituo cha kununulia majani chai kwa kuchambua kapu la mamake mbele ya karani na kutupa kila jani gumu, hata mamake akamwuliza kama ameajiriwa na kiwanda.

Alisoma sekondari Kericho, akasomea fizikia Nairobi, na mwaka 2015 akapata shahada ya uzamivu Ujerumani. Tarehe 12 Desemba mwaka huo aliolewa na Bw. Phelix Opondo, wakajaliwa binti mmoja, Quinter.

Kuanzia 2018, katika maabara huko huko Ujerumani, alipima vihisi vya mwanga vya darubini ya neutrino, chembe zinazopenya dunia nzima bila kuonekana, na kila kihisi, tufe la kioo kubwa kuliko mpira, alikifungia gizani kwenye baridi kali akihesabu ishara za uongo, kwa kuwa kikishateremshwa ndani ya barafu ya Ncha ya Kusini hakuna wa kukitoa.

Tarehe 6 Juni 2022 alimpigia babake simu kwamba amegusa uvimbe kwenye titi, na vihisi tisini na sita havijapimwa. Mwalimu Johana alipiga hesabu papo hapo, vinane kwa siku, siku kumi na mbili, akamwambia amalize kwanza ndipo aende kwa daktari. Hakuuliza vingapi vingeanguka kwenye kipimo. Vilianguka thelathini na kimoja, vikatengenezwa, vikapimwa upya, vingine vikaanguka tena, na Chelimo, ambaye hakuwahi kumbishia babake, akamwona daktari tarehe 9 Januari 2023, siku ya mia mbili na kumi na saba, ugonjwa ukiwa umefika kwenye ini.

Alirudi nyumbani Agosti 2024, akatuacha Ijumaa, tarehe 17 Januari 2025, akiwa na miaka 38, miezi tisa na siku nane.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokamua ng'ombe wetu tukiwa hospitalini, na wenzake wa maabara, walioandika kwamba vihisi vyote tisini na sita hatimaye vilipita.

Babake ameomba jambo moja lisomwe kama alivyoliandika: mzazi yeyote aliye hapa, mtoto akimwambia ana uvimbe, asipige hesabu, amwambie aende leo.

Pumzika kwa amani, Chelimo, hakuna kilichobaki cha kupimwa.