Mia Mbili Sabini na Mbili Hawamo

Kijiwe chetu ni benchi moja lenye mguu wa kuazima, limeegemea ukuta wa duka la fundi viatu aliyehama zamani, na mwenye birika ni mimi. Nimechoka, siwafichi. Miguu imevimba, jiko linatoa moshi kuliko moto, na wateja wangu wa kila siku ni watatu, wanaokunywa kikombe kimoja kwa maneno mia. Yupo Waya, fundi redio, ambaye tangu nimjue hajawahi kusema "sijui". Yupo Mzee Nakala, aliyekuwa tarishi wa ofisi kwa miaka thelathini na mpaka leo anatembea na bahasha tupu kwapani. Na yupo Karani wa zahanati ya hapo jirani. Jana huyo Karani alifika saa kumi alasiri, kompyuta kaikumbatia kifuani, akajitupa kwenye benchi bila hata kusalimia.

MIMI: Karani, siku hizi hata "habari zenu" inaombewa kibali?

KARANI: Nipe kahawa. Usiweke sukari. Nimemaliza.

WAYA: Umemaliza lile faili?

KARANI: Limekwisha. Na mimi nimekwisha.

Lile faili hapa kijiweni tunalijua kama jirani mkorofi. Madaftari ya wakunga ya miaka hamsini, kila mtoto aliyezaliwa pale, yalichapwa yote ndani ya faili moja. Mistari elfu thelathini na nane. Ukilifungua, kompyuta inaganda mpaka unasahau ulichotaka. Sasa zahanati inahamia jengo jipya, na mganga mkuu anataka kila mtoto awe na faili lake. Karani alianza kwa mkono, anakata, anabandika, wiki tatu nzima, mpaka kifundo cha mkono kikavimba na hata robo hajafika. Ndipo akakaa chini akaiandikia kompyuta amri: soma mstari kwa mstari, ukikuta nyota tatu, hapo anaanza mtoto mwingine, chukua jina lake, fungua faili kwa jina hilo, yamimine maneno yake humo mpaka ukutane na nyota nyingine. Kazi iliyomshinda wiki tatu ikaisha kabla maji yangu hayajachemka.

WAYA: Sasa huo uso wa msiba wa nini?

KARANI: Nimehesabu nyota. Watoto elfu moja mia tisa kumi na wawili. Nikahesabu mafaili. Elfu moja mia sita arobaini.

MZEE NAKALA: Tafsiri yake?

KARANI: Watu mia mbili sabini na wawili hawamo, mzee wangu. Hawaonekani.

Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. Hati ya makabidhiano, kesho saa mbili asubuhi. Chini imeandikwa: "Nathibitisha kwamba kumbukumbu zote zimo." Akisaini, anaajiriwa rasmi baada ya miaka sita ya ukibarua. Asiposaini, mganga mkuu ana mpwa wake anayekiangalia kile kiti kwa hamu.

WAYA: Ni joto hilo. Kompyuta ikichemka inaruka mistari, sawasawa na redio inavyoruka stesheni. Ungeipepea. Bandu bandu huisha gogo.

MIMI: Gogo limeingiaje hapo?

WAYA: Gogo si ndiyo faili? Wewe chochea moto wako.

KARANI: Nimeiendesha mara tatu. Mara ya mwisho niliiingiza chumba cha chanjo, kuna baridi mpaka meno yanagongana. Wamekosekana mia mbili sabini na wawili walewale.

MZEE NAKALA: Basi hao hawakuzaliwa. Ofisi nazijua mimi! Wakunga walidaiwa idadi, wakajaza watoto hewa. Mashine haijui kumficha mtu aibu, imewatema. Asiyekuwepo na lake halipo.

KARANI: Mzee, kila mmoja ana saa aliyozaliwa na uzito wake. Nani atakaa amtungie mtoto hewa uzito?

MZEE NAKALA: Mwongo hodari lazima ataje uzito.

WAYA: Aa, wapi! Hao wamehamia nchi za watu. Ukijiandikisha kule, kompyuta ya kule inaiita ya huku: mlete mtu wangu. Zinaongea zenyewe kwa zenyewe.

KARANI: Hii haina mtandao tangu mwaka juzi.

WAYA: Ndiyo ubaya wake. Inafanya mambo kimyakimya.

Nikamjazia Karani kikombe bila kuombwa. Macho yake yalikuwa mekundu, na kila Waya alipofungua mdomo yeye aliyafumba.

MZEE NAKALA: Au wamekwisha kufa. Mashine imewafuta kwa heshima. Kuna umri ukifika, hata kabati la ofisi linajua nani hayupo.

KARANI: Hata waliokufa wanatakiwa wawemo! Alizaliwa, hakuzaliwa? Basi awemo!

Karani si mtu wa kupaza sauti. Akashusha pumzi, akaikunjua ile hati juu ya goti.

KARANI: Nani ana kalamu?

MZEE NAKALA: Ninayo. Saini, mwanangu. Miaka thelathini nimebeba bahasha, sijamwona aliyefungua akahesabu kilichomo. Funika kombe mwanaharamu apite.

Methali hiyo angalau ilikaa mahali pake. Waya naye akatikisa kichwa kukubali. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nataka nifunge nikalale, nikamwambia: "Saini, baba, ukapumzike." Akaichukua kalamu.

Hapo ndipo akasimama mbele yetu mama mmoja, wa makamo, mkoba mkononi, viatu vimejaa vumbi la safari.

MAMA: Hamjambo, jamani. Nimetoka zahanati, nimeambiwa karani yuko huku kwenye kahawa.

KARANI: Ndiye mimi, mama. Kesho njoo tafadhali, leo tumefunga.

MAMA: Sitakuchelewesha, mwanangu. Nina swali tu. Mama yangu alijifungua pale mara mbili. Wa kwanza aliishi siku tatu. Nilipozaliwa mimi, nikapewa jina lake. Sasa mama yuko kitandani, hali si nzuri, ananiambia niletee karatasi ya mwanangu wa kwanza, niishike. Si yangu, ya yule. Sisi ni jina moja, baba mmoja. Mmetutenganishaje?

Karani akabaki na kalamu hewani. Mama akalitaja lile jina, polepole, la kwake na la baba. Karani akaifungua kompyuta, akaandika. Likaja faili moja. Akamsomea mwaka.

MAMA: Huyo ni mimi. Yeye yuko wapi?

Nilimtazama Waya. Mwaka wa tisa huu namuuzia kahawa, hajawahi kukosa jibu, na sasa alikuwa anachungulia ndani ya kikombe kitupu. Mzee Nakala akahamisha bahasha kutoka kwapa hili kwenda lile. 

KARANI: Mungu wangu. Nimewamwagia juu yao.

WAYA: Nini?

KARANI: Jina likijirudia, amri yangu haifungui faili jipya. Inafuta yaliyomo, inamimina upya. Kila aliyefuata amemfunika aliyemtangulia. Wote mia mbili sabini na wawili, mama, nimewafunika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, mara tatu.

Akalifungua lile faili kubwa. Kompyuta ikaganda kama kawaida yake, na safari hii hakuna aliyeitania. Tukangoja wote tumesimama, sijui kwa nini tulisimama. Akatafuta jina. Akalipata mara mbili. Kumbukumbu ya kwanza ilikuwa na mistari minne, akaisoma kwa sauti ndogo.

KARANI: Wa kike. Kilo mbili kasoro robo. Amelia mara moja. Siku ya tatu, alfajiri, ametutoka.

Yule mama akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa, akaweka mkoba mapajani, akalia. Hakulia kwa kelele. Nikamletea maji, kahawa ilikuwa imekwisha.

MAMA: "Amelia mara moja." Mama hakuwahi kuniambia.

Karani akaikunja ile hati bila kuisaini, akairudisha mfukoni. Akaivuta kompyuta karibu, akaanza kuirekebisha amri, mstari wa chini.

KARANI: Nitaweka namba mbele ya jina, mama. Wenye jina moja kila mtu awe na namba yake.

MAMA: Basi yeye mpe moja. Mimi nipe mbili.