Nilivyofunguliwa Kutoka Kifungo cha Simu Ijayo

Wapendwa, Bwana apewe sifa, na anayeitika aitike kwa nguvu, maana nina woga kidogo kusimama hapa mbele. Mimi ni Baba Neema, yule wa sekuriti, ninayekaa Bellevue, hapa Johannesburg. Wengi mmezoea kunisikia nikiombea karatasi zangu za ukimbizi. Leo sikuja na hilo. Nimekuja kushuhudia jinsi Bwana alivyonifungua kifungo ambacho hata mke wangu alikuwa anakicheka, kifungo cha kungoja simu mpya.

Msicheke bado. Mnajua ninalinda mlango wa duka la simu kwenye mall kule Sandton. Kutwa nzima nasimama, na mbele yangu limetundikwa bango la simu ambayo haijatoka. Haijatoka, ndugu zangu, lakini picha yake iko pale imepambwa kama bibi harusi. Wauzaji walikuwa wananinong'oneza: hii inayokuja kioo kimefika hadi pembeni, kile kitufe cha chini kimeondolewa. Nikirudi nyumbani nafungua video za wale vijana wa mtandaoni wanaoeleza simu itakuwaje kabla haijatangazwa. Kamera yake niliijua, betri yake niliijua, hata rangi. Moyo haukutulia. Nikila nawaza, nikiwa kwenye teksi nawaza. Hata kwenye maombi nilimwuliza Bwana: nichukue hii iliyopo au nisubiri ile ya mwezi wa tisa?

Na mwezi wa tisa ukikaribia, inasikika kwamba ya mwezi wa pili itakuwa bora zaidi. Nasubiri. Ikitoka hiyo ya mwezi wa pili, watu wanasema inapata moto mkononi. Nasubiri tena. Si kwamba nilikosa uwezo, akiba nilikuwa nayo. Nilikosa amani. Baada ya ibada ndugu walikuwa wananizunguka hapo nje: Baba Neema, ninunue sasa? Nami niliwaambia wote, ngoja kidogo. Hata mchungaji aliniuliza, namtaja kwa upendo, na mpaka leo anatembea na ile ya zamani. Ugonjwa huo niliupa jina zuri la kiroho. Niliuita subira.

Sasa sikieni uchungu wake. Sisi wa Katanga, Kongo, tulio hapa Joburg tuna desturi, nanyi mnaijua. Simu mpya ikiingia ndani, ile ya zamani inapanda basi kwenda kwa wazazi. Kwa hiyo mimi nilipokuwa nangoja hapa, kule Likasi mtu mwingine alikuwa ananingoja mimi. Mama yangu mzazi.

Mama alikuwa na simu ndogo ya vitufe. Na Neema wangu amezaliwa hapa, lugha zake ni Kizulu na Kiingereza. Kiswahili anakisikia, kukisema kunamshinda. Nikimpa simu asalimiane na bibi yake, bibi anaita, Neema, Neema, mtoto anapumua tu, kisha ananirudishia simu. Siku moja mama aliniambia: sauti yake siijui, uso wake siujui, huyu mjukuu nitamshika wapi? Alitaka amwone, basi. Mke wangu akasema tumtumie simu yoyote ya bei ndogo yenye video. Nikakataa. Kwa nini mama apewe simu ya ovyo, wakati hii yangu nzuri iko njiani kuwa yake? Nilijiona mwana mwema kabisa.

Ndipo mdogo wangu akapiga kutoka Likasi. Daktari amesema mama ana presha ya macho. Jicho moja limekwisha kuzima, la pili linafuata. Dawa itachelewesha tu, haitarudisha. Nililia siku ile, sitawaficha. Na bado, ndugu zangu, oneni kifungo kilivyo: huku nalia, kidole kiko kwenye simu, natafuta mpya inatoka lini. Ilikuwa inatoka Ijumaa ya wiki ileile.

Mama Kapinga, dada yetu anayepeleka nguo Lubumbashi, alikuwa anasafiri Alhamisi. Nikaenda stendi kumpa dawa za macho za mama, na kumweleza kwamba simu itakuja safari yake ijayo. Nilimkuta anafunga mizigo kwa kamba. Nikamweleza kwa ufasaha wote, kwamba kesho inatoka mpya, nikishaipata nitaisafisha hii vizuri, nitaituma bila mkwaruzo. Hakuinua hata kichwa.

"Na macho ya mama yako," akaniuliza, "ile ya mupya inatokaka mwezi gani?"

Nilimkasirikia, wapendwa. Watu walikuwa wanasukumana kupanda, dereva amewasha gari, nami nimesimama pale. Na hapo Bwana akanigusa. Sina namna nyingine ya kulieleza. Nilitoa simu mfukoni, nikachomoa laini yangu, sikufuta picha hata moja, nikamwekea mkononi.

"Sharp," akasema, yaani sawa. Akaifunga ndani ya kitenge, akapanda.

Kesho yake nililinda mlango ule sina simu. Foleni imezunguka nje ya duka, watu wanatoka na maboksi wanapiga makelele ya furaha, na mkono wangu unaingia mfukoni wenyewe, unakuta funguo tu. Nilitoka jasho. Sitawadanganya kwamba tamaa ilikufa pale pale. Ilinizungusha wiki nyingi, na hata sasa nikiona bango jipya miguu inakosa utulivu. Lakini foleni ile sikuingia, na ile akiba ilikwenda kwenye dawa za mama.

Simu ilipofika Likasi, mdogo wangu alitupigia kwa video kwenye simu ya mke wangu, ile yenye kioo kilichopasuka. Mama aliisogeza usoni ili apate kuona, karibu mno, mpaka sisi huku tukawa hatuoni kitu ila jicho moja limejaa kioo chote. Neema akalitazama. Kisha naye akaisogeza simu, akaweka jicho lake. Wakakaa hivyo, jicho kwa jicho. Halafu mtoto akarudi nyuma akacheka, mama naye akacheka. Mke wangu alitoka nje akalie.

Walionana hivyo kila Jumapili kwa muda ambao Bwana alitupa. Sasa lile jicho nalo limezima. Mama haoni tena. Lakini mdogo wangu ananiambia kwamba majirani wakija kumpa pole, mama anawakatiza. Anawaambia, "Mujukuu wangu wa Johannesburg iko na mwanya hapa mbele, sawa wangu. Nilimuona."

Kwa neno hilo namshukuru Mungu wangu kila siku. Nawe uliyeketi hapo na kitu ambacho mtu wako wa mbali anakihitaji, usingoje upate kilicho bora zaidi. Mwamini Bwana kwa hicho ulicho nacho. Kipeleke leo, ndugu yangu, maadamu bado anaona.